Mate Ndani ya Gari ya Moshi

Mie ni mtu wa kinyaa. Nakwambia mapema usije ukanishangaa mbele. Glasi aliyonywea mwenzangu siigusi. Chakula cha mtu nisiyejua jikoni kwake kukoje nakisifu, nakizungusha sahanini, mpaka sinia liondolewe. Nina duka la kutengeneza simu Ng'ambo, nje kidogo ya Mji Mkongwe, na mteja akinitolea simu mfukoni imelowa jasho, nampa kitambaa aifute mwenyewe kwanza. Maana najua kilichomo ndani ya simu za watu: makombo ya mkate, nta ya masikio, mende mchanga aliyekaukia juu ya betri. Wateja hunicheka, kisha hurudi, kwa kuwa kazi yangu safi.

Na mtu kama mie, Mwenyezi Mungu akanipa baba mla tambuu.

Alikuwa fundi bati. Nyumba yetu ipo Malindi, ndani ya Mji Mkongwe, na ukumbi wa chini ndio uliokuwa karakana yake. Akitengeneza birika, kandili, makopo ya mafuta ya taa, na siku nzima shavu limetuna. Popoo, chokaa na tumbaku, vyote vimekunjwa ndani ya jani la tambuu na kusukumwa upande mmoja wa mdomo. Karibu na mguu wake lilikaa kopo la kutemea, na kazi ya kulimwaga ilikuwa yangu. Nililibeba mikono nimeinyoosha mbele, uso nimeugeuza pembeni, na bado harufu ilinifuata. Mpaka leo nikiwekewa sharubati nyekundu harusini, naisogeza kwa wa pembeni yangu.

Na hilo kopo lilikuwa afadhali. Lililonikirihisha hasa ni gari ya moshi.

Hapo zamani, kabla hata baba hajazaliwa, kulikuwa na reli kutoka mjini kwenda Bububu. Ilipita huku kwetu Malindi, karibu na milango ya watu, ikaendelea mpaka Mtoni na mbele yake. Babu yangu mzaa baba alikuwa kijana mwenye kazi ya kuchochea moto ndani ya kichwa cha gari hiyo. Reli ikang'olewa, lakini babu alibaki nayo mdomoni. Kila jioni baada ya kula aliwaigizia wanawe jinsi ilivyoondoka mjini, ilivyopiga filimbi ikikaribia watu, ilivyopumua ikisimama. Baba akaipokea, na sie tukafanyiwa vile vile. Tfu-ka, tfu-ka, tfu-ka, polepole kwanza, kisha mbio, mate na tambuu vinakwenda pamoja. Mie ndiye kitindamimba, nafasi yangu kwenye mkeka ubavuni mwake. Kila pumzi ya injini ilinifika mkononi, vidoa vyekundu, vya uvuguvugu. Nikijifuta kwa upindo wa kanga ya mama, na yeye akicheka mpaka anapaliwa.

"Bi Kinyaa huyo! Mvuke huo, mwanangu. Gari ya moshi haiendi kavu."

Kefule! Nilikuwa nnakwenda kuosha mkono kwa sabuni, narudi, anaanza tena.

Kitu kimoja tu katika hayo tulikuwa tunachukizwa pamoja. Wale vijana wanaotembeza wageni hupita chini ya dirisha letu wakiwaambia kwamba Bububu imeitwa hivyo kwa sababu gari ya moshi ilikuwa ikilia bu-bu-bu. Baba alikuwa akiwapigia kelele kutoka karakana. "Waongo nyie! Bububu ni maji ya chemchem, yalikuwapo kabla ya reli. Na gari haikulia bu-bu-bu hata siku moja!" Kisha anawaonyesha ilivyolia, na wageni wanarudi nyuma hatua mbili tatu wakishika nguo zao. Hapo nilikuwa nawaonea huruma wageni.

Mikono ilipoanza kumchosha akaacha kazi za watu, akajipa kazi yake. Alipata treni ya kuchezea kwenye lundo la mitumba sokoni Darajani, akaivua gamba lake la plastiki, akaitengenezea mwili mpya kwa bati la kopo la samli. Bomba la moshi, kibanda cha dereva, mlango mdogo wa tanuri, vyote kwa masimulizi ya babu. Akaitandikia reli ya duara juu ya meza kubwa chumba cha juu. Mie si mwepesi wa kusifu, lakini kazi ile ilikuwa kazi. Ukitazama kwa karibu unaiona hata misumari ilivyopangwa safu.

Ila haikuwa na sauti. Mota ilitoa mlio mwembamba wa kuudhi, basi. Baba aliisikiliza ikizunguka, akatema kwenye kopo.

"Nimetengeneza cherehani," akasema. "Cherehani yenye bomba."

Ndugu zangu wakati huo walikuwa wameshatawanyika, mama ameshatangulia mbele ya haki, nyumba tumebaki mie na yeye. Nikirudi dukani namwita kutoka chini ya ngazi, "Baba!" naye hujibu juu, "Naam!" shavu limejaa. Nikisikia ile naam yenye majimaji nilikuwa najua hali ni ile ile.

Kisha ikaanza kubadilika. Naam ikawa nzito, mara inakatika. Nikamwambia afungue mdomo, akakataa. Nikamwambia tena. Alipoufungua, Yarabi toba, chini ya ulimi palikuwa na kidonda cheupe pembeni, kibichi katikati, na harufu yake si ya tambuu. Nilitoka mbio mpaka roshani nikatapika barabarani. Sioni haya kusema. Nikarudi, nikamvalisha kanzu, tukenda hospitali.

Daktari hakuzunguka. Tambuu aache siku ile ile. Aende Dar akakatwe, na akishakatwa apigwe mionzi. Ulimi utaondoka, sehemu au zaidi, wataona wakishafungua. Nikamuuliza kuhusu kusema. Akasema hawezi kuniahidi, ila kidonda cha namna ile hakingoji mtu.

Baba alikuwa ametulia kama anayesikiliza habari za jirani. Tulirudi nyumbani, akapanda moja kwa moja chumba cha juu, akaketi mbele ya meza yake.

"Sitoki mlango huu," akasema, "mpaka gari hii iwe na sauti ya baba yangu."

"Baba, umemsikia daktari?"

"Nimemsikia. Yule anasema nusu ya ulimi. Mie nakwambia hivi, dunia nzima hakuna mwingine mwenye ile sauti. Wenzangu wote waliokaa mkeka ule wameshakwenda. Wakishanikata, itatoka wapi?"

"Na ukifa ukiingoja?"

"Basi fanya haraka. Si wewe fundi?"

Nilikasirika, wallahi nilikasirika. Mtu anaoza mdomo, ananizungumzia mwanasesere wa bati. Nilishuka nikasafisha jiko ambalo lilikuwa safi. Lakini namjua baba. Akishasema sitoki, hata umbebe na kitanda chake atashikilia mlango.

Binamu yangu yupo ughaibuni, na huko watu wazima hucheza na treni hizi bila aibu, zina maduka yake na vifaa vyake. Nikampigia. Akamkabidhi msafiri kifurushi, na msafiri akanifikishia dukani. Ndani mlikuwa na kadi ya sauti, ndogo, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, spika yake, rimoti ya kuendeshea, na kebo ya kuipakia sauti kutoka kwenye kompyuta. Siku hizo daktari alikuwa ananipigia kuuliza tumepanga lini kusafiri, na mie namjibu kwamba tunajitayarisha.

Nikaigeuza gari miguu juu, nikafungua skrubu za chini.

Ebo! Nimeona mengi ndani ya simu za watu, lakini ya pale sikuyaona kwengine. Baba alikuwa haamini mafuta ya mashine, anasema yananuka. Meno ya gia zote aliyapaka mafuta ya nazi. Miaka yote ile, mafuta juu ya mafuta. Yalikuwa yamechacha na kuganda rangi ya usaha, yamenasa vumbi, nywele na kinyesi cha mjusi, na humo humo sisimizi wamefanya mji wao, wazima na wafu, na mayai. Nilipochomeka bisibisi wakatoka wakanipanda mpaka kwenye kiwiko.

"Baba! Nani anapaka injini mafuta ya nazi?"

"Yale yale unayopaka kichwani kwako," akanijibu kutoka kitandani. "Mbona kichwa chako kinafanya kazi?"

Niliosha kila kipande kwa spiriti na mswaki, glavu mikononi, kitambaa puani, na kila nikimaliza kipande nikinawa. Nilitaka kulia kwa hasira. Mtu anajiua taratibu kwa vitu vichafu na kila kinachomzunguka anakipaka uchafu, halafu mie niko nyuma yake na sabuni.

Kufunga kadi yenyewe si kazi ngumu kwa anayejua kuchomelea, inataka utulivu tu. Kwenye treni ya kawaida umeme wa reli unakwenda moja kwa moja kwenye mota. Hapa lazima uitenge mota kabisa na reli, umeme uingie kwenye kadi kwanza, na kadi ndiyo iupeleke kwenye mota. Waya nyekundu na nyeusi kwa magurudumu, ya chungwa na ya kijivu kwa mota, mbili za zambarau kwa spika. Zikigusana za mota na za reli, kadi inatoa moshi wa kweli na habari yako imekwisha. Na mwili wa baba wote ni bati, kila upande unangoja kupiga shoti. Nilibandika utepe wa plastiki ndani yote, sikuacha uwazi hata wa kupita sindano. Spika nikaitengenezea kiboksi chake, maana spika isiyo na boksi hutoa sauti ya nzi. Kisha nikagundisha kipande kidogo cha sumaku kwenye gurudumu, na kihisi juu yake, ili kila gurudumu likizunguka kadi ijue, na pumzi ya injini ifuate mwendo.

Nilipomaliza nikamkalisha kitini. Kadi ilikuja na sauti zake za kiwandani, nikataka tu kujua kama spika inafanya kazi. Nikabonyeza. Likatoka honi la kutisha, la treni za kwao zinazokokota mabehewa mpaka upeo wa macho, kengele juu yake, halafu mwanamume akapiga ukelele kwa kizungu.

Baba aliruka.

"Nani huyo?"

"Yumo humu kwenye kadi, baba. Anawaita abiria wapande."

"Mtoe! Anafanya nini ndani ya gari yangu? Abiria wa Bububu hawaitwi hivyo, walikuwa wanapanda wenyewe inakwenda. Mtoe, mtoe!"

Nikamtoa. Siku ya pili nikarudi dukani kutafuta programu ya kupakia sauti nyingine, na baba akabaki peke yake na gari. Niliporudi nikaiwasha, spika ikatoa mlio ambao siwezi kuuandika. Sauti ya tumbo lililoharibika, basi, ndivyo ilivyokuwa. Nikaifungua. Ndani, mafuta ya nazi yanadondoka. Yamejaa kiboksi, utando wa spika umelowa umenyong'onyea.

"Nimeikaribisha kidogo," baba akasema. "Ilikuwa kavu."

Nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Yeye akatazama dirishani. Kisha nikaenda dukani, nikatoa spika kwenye simu mbovu ambayo mwenyewe aliitelekeza, nikaiosha, nikaifunga. Mafuta ya nazi nikayafungia kabatini na ufunguo nikauvaa shingoni.

Sasa ikabaki sauti yenyewe. Baba alikuwa ameshaacha tambuu tangu siku ya daktari, na hilo nampa haki yake. Nikafunga madirisha, nikamwekea kinasa mbele ya mdomo, akaigiza. Tfu-ka, tfu-ka. Nikaisafisha kwenye kompyuta, nikaipakia, nikaizungusha gari mbele yake. Gari ikaenda inalia, wakati wake na magurudumu umelingana, mie nikajisikia fundi.

Baba akatikisa kichwa. "Paka anakohoa."

Tukarudia. Akajaribu kwa nguvu, akajaribu polepole. Alikunywa maji, akasukutua, akajaribu. Kila nikiipakia anaikataa. Mara paka, mara mtu anafagia. Na kila tukirudia, namwona anavyofumba macho ulimi ukigusa meno, na damu kidogo kwenye kitambaa. Daktari akapiga simu tena. Safari hii alisema kwa ukali kwamba nafasi ikipita hatujui itapatikana lini.

"Baba, nshachoka," nikamwambia. "Sauti ndo hii. Nani atajua tofauti?"

"Mie ntajua." Akaninyooshea kidole. "Na wewe utajua. Wewe ndo uliyekaa ubavuni."

Nilikuwa naijua tofauti tangu mara ya kwanza. Ilikuwa kavu. Gari ya babu haikuwa kavu hata siku moja, wala ya baba. Ile tfu ilikuwa inapita kwenye maji, inachemka kidogo pembeni mwa shavu kabla ya kutoka. Kisichokuwamo ni kile nilichokuwa naosha kwa sabuni. Nilijua, na nilijua kinapatikana wapi, na siku nzima nikajifanya sijui.

Basi nikaenda Darajani. Mie. Muuza tambuu anamjua baba, akanikunjulia uso. "Mzee hajambo? Nilisikia mgonjwa." Nikamwambia hajambo. Nilinunua majani, popoo, chokaa, na tumbaku kidogo kwenye karatasi, nikavishika kwa ncha za vidole njia yote. Nilihisi kila anayepita ananiona nimebeba nini. Ningekutana na daktari pale sokoni ningejificha nyuma ya matenga ya samaki.

Nyumbani nilikaa jikoni nikakunja tambuu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Jani linateleza, lina ubaridi wa kitu kilicho hai. Chokaa unaipaka kwa kidole. Popoo ina harufu ya kabati lililofungwa. Tumbaku sikutia. Nilijidanganya kwamba bila tumbaku si dhambi. Nikampelekea sahanini.

Akaitafuna kidogo, akaitema kwenye kitambaa.

"Umenipa majani ya mbuzi."

"Baba, hiki ndicho kilichokuua ulimi."

"Kimeshaua. Hakiui mara mbili." Alinitazama, na hakuwa anatania. "Mwanangu, sikuombi kwa uraibu. Kinanichoma, unadhani hakinichomi? Nakuomba mara moja. Nikishamaliza, hayo majani yapeleke popote."

Nikashuka, nikakunja nyingine, nikatia tumbaku. Mikono yangu ilikuwa inanuka karakana ya utotoni, na nilichukizwa nayo, na nilimchukia babu na reli yake na mkeka wake. Nikapanda.

Alipoiweka mdomoni machozi yalimtoka pale pale, chokaa imekutana na kidonda. Nikanyoosha mkono niichukue, akanizuia. Akaisukuma kwenye shavu, akaingoja ijae maji. Akanipa ishara ya kichwa. Nikasogea ubavuni mwake, mahali pangu pale pale, kinasa mkononi karibu na mdomo wake, na nikawasha.

Tfu-ka.

Ikatoka yote. Gari ikang'oka mjini taratibu, ikajikusanya, ikapita Malindi, ikapiga filimbi ndefu yenye mtetemo, ikakimbia, ikafika ikapumua, ffff, ule mvuke wa kusimama ambao nilikuwa nimeusahau kabisa. Na kila pumzi ilinifika mkononi. Vidoa vyekundu, na safari hii si vya tambuu peke yake. Ngozi ilinisisimka mpaka utosini. Sikujifuta. Ningesogeza mkono, kinasa kingedaka mchakacho wa nguo na ingebidi arudie. Nikakaa nao hivyo, vidoa vinateremka mpaka kwenye kiwiko, mpaka alipomaliza na kunipa kitambaa mwenyewe.

"Jifute, Bi Kinyaa," akasema, na hakucheka.

Nikayatupa majani yote. Kisha nikakaa na hedifoni masikioni dukani, mlango nimeufunga nusu, nikimsikiliza baba yangu mdomo wake ulivyo ndani. Kuikata sauti ya injini lazima utenge pumzi moja moja, ujue ipi inaanzia wapi, uzipange zikimbizane na gurudumu. Kwenye hedifoni unasikia kila kitu: popoo inavyogonga jino, mate yanavyovutwa, nyuzi zake zinavyokatika, na mahali ulimi ulipoogopa kugusa. Nikavua hedifoni, nikanywa maji ya ndimu, nikavaa tena. Programu ilikuwa na kitufe cha kuondoa kelele zisizotakiwa. Nilikibonyeza mara moja kujaribu. Mate yote yakaondoka, sauti ikawa safi, nzuri, ya dukani. Nikairudisha vile vile ilivyokuwa, na mate yake yote.

Nilipoizungusha mezani baba alikuwa amekaa na mikono magotini. Ilipita mbele yake, ikazunguka, ikapita tena. Nikapunguza mwendo, pumzi zikapungua nazo. Nikaisimamisha mbele yake, ikapumua, ffff.

Akaligusa bomba kwa kidole.

"Naam," akasema. Ndilo neno la mwisho nililomsikia akilisema sawasawa. Kisha akainuka kutafuta kanzu yake ya safari.

Dar walipofungua walikuta kimekwenda mbali kuliko walivyodhani. Ulimi wote uliondoka. Sikumuuliza daktari kama zile wiki tulizongoja zilikuwa na kazi gani katika hilo, na ile tambuu moja. Mpaka leo sijauliza, na namshukuru kwamba naye hakulianzisha. Baada ya kukata walimpiga mionzi, na mionzi ikamkausha mate. Hilo hawakunieleza mapema, au walieleza sikusikia. Mdomo wa baba sasa ni mkavu usiku na mchana. Anatembea na chupa ya maji, analowesha midomo, analowesha tena. Uji naupitisha kwenye mpira wa kulishia. Wiki za mwanzo nilivaa glavu. Kopo la kutemea bado lipo chini karakana, na ndani yake mna vumbi.

Haandiki tukamwelewa, mwandiko wake ulikuwa mbovu tangu zamani, na kuonyesha kwa mikono anaona aibu. Ila rimoti anayo. Nikirudi kutoka Ng'ambo nasimama chini ya ngazi, naita, "Baba!" na juu inajibu filimbi. Ndefu, yenye mtetemo. Akitaka maji, fupi. Akinikasirikia, anaiacha gari ipumue ffff mpaka nimtake radhi.

Jioni moja nilimaliza kumlisha, nikakaa ubavuni mwake kwenye kiti cha meza ile. Madirisha yalikuwa wazi, chini yetu kijana anawaambia wageni habari za bu-bu-bu. Baba akanitazama. Nikainua mabega. Akawasha gari, akaiongeza sauti mpaka mwisho ili wasikie, na ikatoka upande wa pili wa meza ikitujia. Tfu-ka, tfu-ka, tfu-ka. Ilipofika kwangu nilinyanyua upindo wa mtandio nikajifuta mkono.

Baba aliniona. Mabega yakaanza kumtikisika, mdomo umefunguka, anacheka mpaka machozi na hakuna kinachosikika ila gari. Nikautazama mkono. Ulikuwa mkavu, hauna hata doa moja, na wallahi katika vinyaa vyangu vyote sijapata kuchukizwa na kitu kama nilivyochukizwa na ukavu ule.